Lipu ya saruji kwenye ukuta wa matumbawe, Bagamoyo

Mrithi: Ndugu zangu, nyumba ya marehemu babu, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, niliipiga lipu ya saruji ili idumu, sasa lipu imevimba na kumwaga unga mweupe wa chumvi hadi usawa wa goti. Nimekosea wapi?

Fundi wa Pwani: Pole, ndugu. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaacha yatoke kama mvuke, ilhali saruji huyafungia ndani, chumvi ikaganda nyuma ya lipu na kuibandua. Ibandue yote, ukuta ukauke kwa miezi, kisha upige lipu ya chokaa.

Mama Pangani: Kagua pia ncha za boriti za mikoko zilizoingia ukutani, zetu zilioza hapo hapo.

Mrithi: Nimechoma moja kwa kisu, kimezama. Ahsanteni.