Mkasi unanifisha ganzi dole gumba: tatizo ni mkono wangu au mkasi?

Sindano_na_Uzi
Salaam wakuu. Mimi ni fundi wa nguo za kike na ni mashoto tangu utotoni. Kushona hakunisumbui, taabu iko kwenye kukata. Nikikata jinzi au koti lenye bitana, dole gumba linakufa ganzi pale ukingo wa tundu la mkasi unapolibana, na ganzi haiondoki mara tu ninapouweka mkasi chini. Nikija kwenye hariri, mkasi unatafuna: kitambaa kinajikunja katikati ya mabapa badala ya kukatika. Mwenzangu wa mkono wa kulia akiuchukua huohuo, unakata vizuri kabisa. Nimenunua mwingine ulioandikwa kuwa ni wa mikono yote, mambo ni yaleyale. Naambiwa nijizoeze mkono wa kulia. Kuna aliyewahi kupata dawa ya hili?

Mkata_Mitindo
Dada, usikubali kubadilishwa mkono. Mkono wako ni mzima, mkasi ndio uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Fumba kiganja taratibu kana kwamba unakata, halafu tazama dole gumba. Haliteremki wima, linasukuma kidogo kwenda nje, huku vidole vingine vikivuta kuja ndani. Kwa mtu wa kulia, msukumo huo unayabana mabapa mawili yagusane. Mkasi uleule ukiwa mkono wa kushoto, msukumo huo unayatenganisha, na kitambaa laini kinaingia kwenye upenyo na kukunjwa. Ili ukate, unalazimika kufanya kinyume: kuvuta dole gumba ndani na kusukuma vidole nje, kila unapofunga. Hapo ndipo ukingo wa tundu unapolikandamiza dole gumba, na ganzi inaanzia hapo.

Halafu kuna macho. Bapa la juu linakuficha mstari wa chaki, kwa hiyo unapinda kifundo cha mkono na shingo ili uuone. Nina hakika mabega nayo yanakuuma jioni.

Huo wa "mikono yote" usikudanganye. Matundu yake yamelinganishwa, lakini mabapa ni ya kulia. Pima hivi: elekeza ncha mbele na uufungue. Bapa la juu likiwa upande wa kulia, ni wa kulia, na hata ukiugeuza chini juu litabaki kulia. Wa mashoto halisi, bapa la juu liko kushoto. Tafuta huo. Mwanzoni utauona mgeni, maana mkono wako umeshajifunza kuvuta kinyume. Uache ufunge wenyewe, usiusaidie.

Fundi_Makali
Naunga mkono, ila hata mkasi sahihi ukilegea utatafuna. Mimi ni mnoaji. Shika tundu moja, inua bapa la pili hadi mkasi ufunguke vizuri, kisha liachie. Likianguka hadi kufunga kabisa, skrubu imelegea. Lisipotikisika, imekazwa mno na unapoteza nguvu bure. Linatakiwa lishuke kidogo na kusimama njiani. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu.

Jambo jingine: funga mkasi na uutazame kwenye mwanga. Utaona upenyo mwembamba katikati ya mabapa. Si ubovu huo. Mabapa yamepindwa kidogo makusudi ili yagusane sehemu moja tu, na sehemu hiyo inasafiri kutoka kwenye skrubu hadi nchani kadiri unavyofunga. Mnoaji akikusagia upande wa ndani ukawa tambarare kabisa, mkasi umekwisha. Anoe ukingo wa nje tu. Na tafadhali, mkasi wa kitambaa usikate karatasi.

Sindano_na_Uzi
Shukrani sana. Nimepima: yote miwili bapa la juu liko kulia! Nikiagiza wa mashoto, niangalie nini kwenye vipini?

Mkata_Mitindo
Chagua wenye vipini vilivyopinda kwenda juu. Bapa la chini linalala mezani, kitambaa hakinyanyuki, na kifundo cha mkono kinabaki kimenyooka. Kifundo kikipinda, nguvu ya kushika inapungua na mishipa inabanwa. Chombo ndicho kipinde, si mkono. Ndiyo maana hata koleo za kazi ndefu hutengenezwa na vipini vilivyopinda.

Tundu la chini liwe refu, liingie vidole vitatu au vinne. La dole gumba liwe na nafasi na kingo za mviringo, si chuma chenye ncha. Kampuni ya Fiskars ya Ufini ilianza kuuza mikasi yenye vipini vya plastiki vya rangi ya machungwa mwaka 1967, na tangu hapo hakuna sababu ya fundi kuvumilia chuma kitupu kwenye mfupa. Ukikata muda mrefu, wenye springi inayoufungua wenyewe utakupunguzia nusu ya kazi, ile ya kufungua.

Jinzi nene ikate karibu na skrubu, nguvu iko huko. Ncha ziachie kona na mikato midogo. Meza ikiwa chini inakuinamisha, inyanyue ifike chini kidogo ya kiwiko.

Na ganzi ikiendelea hata ukipumzika, au ikikuamsha usiku, nenda hospitali mapema. Mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu huchelewa kupona.