Mwanangu wa miaka 6 kajichora kajipaka pinki, anasema ndo "rangi ya mtu"

MamaZuhra_Ngamiani
Asalaam aleikum jamani, habari za jioni. Mi niko Tanga hapa Ngamiani, nina binti yuko darasa la kwanza. Juzi wamepewa kazi ya kuchora familia, kachora vizuri tu, baba, mama, yeye na mdogo wake, bibi yake kamvisha na kanga kabisa. Ikafika kupaka rangi, akapekua boksi lote la penseli, kahawia imo haijawahi hata kuchongwa, akaiacha akachukua ile pinki iliyopauka akaanza kutupaka nyuso wote watano. Nikamuuliza Zuhra sisi ndo tuko hivi? Akaniangalia, akasema "mama hii ndo rangi ya mtu." Na hii kahawia je? "Hiyo ya miti."

Nimekosa usingizi siku mbili. Nyumbani kwetu hatumsemi mtu rangi, mi mwenyewe mweusi tii, baba yake maji ya kunde. Ila TV inawashwa toka asubuhi, katuni za kizungu, jioni bibi yake na tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, katikati matangazo ya losheni. Hivi vitu ndo vinamuingia mtoto kiasi hiki au nakuza mambo? Na nifanyeje, nizime TV?

Mwl_Pangani
Waaleikum salaam mama Zuhra, wala hukuzi. Marekani miaka ya 1940 kulikuwa na mke na mume wanasaikolojia, weusi wote wawili, Kenneth na Mamie Clark, wakachukua watoto weusi 253 wa miaka 3 mpaka 7 wakawawekea midoli inayofanana kila kitu isipokuwa rangi. Nipe unayetaka kucheza naye, kama theluthi mbili wakachukua mweupe. Nionyeshe aliye mbaya, wengi wakaonyesha wa kahawia. Halafu ndo wakaulizwa sasa nipe anayefanana na wewe, na kuna watoto pale walilia wakatoka mbio chumbani. Mimi nafundisha wadogo, kila nikifika hapo kwenye kulia nashindwa kuendelea. Utafiti ule ukaja kutajwa mpaka Mahakama ya Juu yao mwaka 1954 ilipoharamisha shule za kubagua rangi.

Na kumbuka watoto wale hawakuwa na TV wala simu. Walikuwa na picha za vitabuni, midoli ya dukani, na jinsi walivyoona watu wa rangi yao wanavyotendewa. Wa kwako anaona picha nyingi kwa siku moja kuliko wale kwa mwezi.

picha_za_harusi_TG
Dada naomba niseme upande wangu. Napiga picha za harusi hapa mjini mwaka wa 11 huu, na ombi la kwanza la wateja ni "nitoe mweupe". Nilikuwa nafanya. Kuna bibi harusi nilimng'arisha uso mpaka ukaachana na shingo, mikono yake myeusi mizuri imejaa hina na piko, juu uso kama chaki. Mama yake akafungua albamu akauliza huyu ni nani. Hakuwa anatania, alikuwa anamtafuta mwanae kwenye ile picha. Toka siku hiyo nikaacha.

Nilipofuatilia nikakuta kitu hiki ni cha zamani. Kodak miaka na miaka walikuwa wanapimia rangi za picha zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ikiitwa Shirley, yeye akitoka vizuri basi mashine imekaa sawa. Mtu mweusi anatoka giza, unaona macho na meno tu. Na waliolalamika wakasikilizwa ni viwanda vya chokoleti na vya samani za mbao kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri, sio sisi watu. Sasa hivi ukifungua filta ya urembo kwenye simu kitu cha kwanza inachofanya ni kukutoa rangi, na ndo simu hiyo Zuhra anachezea.

BiMkubwa_Chumbageni
Wanangu TV mnaionea. Mtoto akizaliwa mjini hapa, hata kitovu hakijakauka, shangazi mtu keshafunua sikio anaangalia pale juu na kwenye mizizi ya kucha, huyu atakuwa mweupe au mweusi. Akiona weusi, utasikia "msijali atatakata". Kutakata! Kwani alikuwa mchafu? Neno hilo mtoto analisikia kabla hajajua TV ni nini. Mimi usichanani kwangu taarab tuliyoikimbilia Tanga hii ni ya Black Star, Shakila anaimba, jina lenyewe nyota nyeusi na hatukuona kasoro. Baadae dada zangu wale wale wakaanza mkorogo, na mmoja nimemuuguza uso wake umebabuka hawezi kukaa juani.

kijana_Makorora
Bimkubwa shikamoo, umesema kweli ila na matangazo yana lao. Ile krimu ya kung'arisha ngozi, Fair & Lovely, ilianza India 1975, jina lenyewe linakuambia weupe ndo uzuri, mpaka 2020 ndo wakabadili. Watu wamekua na hilo miaka 45. Mama Zuhra usizime TV, kaa naye pembeni muongee tangazo likipita, na mtafutie katuni za Ubongo zinatengenezwa Dar, humo ataona watoto wanaofanana nae.

MamaZuhra_Ngamiani
Asanteni wote, nimesoma nimelia. Bimkubwa umenigusa, nilisema nyumbani hatumsemi mtu rangi, kumbe mdogo wake alipozaliwa mi mwenyewe nilifunua sikio, na Zuhra alikuwa amesimama hapo hapo kitandani.

Leo nimechonga ile kahawia nikamwambia weka mkono kwenye karatasi tuuzungushie. Akajaza rangi taratibu, akawa anauinua mkono anaulinganisha, akasema "inafanana mama". Akachora familia nyingine, bibi kahawia, mimi nikampa ile iliyokolea zaidi, mdogo wake kahawia. Yeye mwenyewe kajiacha bila rangi. Sijamlazimisha.

Kaka wa picha njoo inbox nipe namba ya studio, Ijumaa nataka tuje wote watano tupige ya kuweka ukutani. Usitung'arishe.