Watoto wa Dar wamelazwa kwenye mahema Makete mwezi wa Juni na shuka mbili, halafu tunaambiwa ni ukakamavu

Wakuu, nimejizuia kuandika tangu mtoto arudi, lakini kwa majibu niliyopewa leo shuleni, acha niyamwage.

Mwanangu yuko kidato cha pili, ni skauti. Likizo hii kikosi chao kilipiga kambi Makete, kule juu karibu na Kitulo. Mchango tulilipa, tena kabla ya tarehe. Karatasi ya vifaa ilisema: sare kamili, shuka mbili, sweta moja, sahani, kikombe, tochi. Basi. Blanketi halimo. Soksi nzito hazimo. Kofia ni ile ya sare. Karatasi hiyohiyo ungempa mtoto anayekwenda kulala Bagamoyo, na nina hakika ndiko ilikotoka.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita kama 2,600. Jiografia ya sekondari inafundisha kwamba kila ukipanda mita 100 joto linashuka nyuzi 0.6 hivi. Piga hesabu: zimekwenda nyuzi 15 na ushee. Usiku wa Juni hapa Dar tukifika nyuzi 19 tunajifunika. Kule Juni na Julai sakitu, yaani umande ulioganda, inaanguka, viazi vinaungua shambani, wenyeji wanashinda na makoti. Hilo dereva yeyote wa lori la viazi angewaambia bure. Na basi lilipita Makambako na Njombe mjini, kote kuna mablanketi, hakuna aliyeshuka kununua hata moja.

Mahema yenyewe ni ya kitambaa kimoja chepesi, yamesimikwa juu ya nyasi zenye umande, chini turubai tupu. Hapa ndipo ninapochoka kabisa, maana baridi inayommaliza mtu aliyelala inatoka chini. Ardhi inamnyonya joto usiku kucha, hata umfunike nini juu. Dawa yake haina gharama: nyasi kavu au maboksi, unatandika kwa unene, ndipo turubai lifuate. Huo si utaalamu wa kupanda Kilimanjaro, ni somo la kwanza la kambi! Halafu mchana walitembezwa mpaka wakalowa jasho, usiku wakalala na fulana zilezile za pamba. Hakuna aliyewaambia wabadilishe.

Usiku kijana mmoja akatetemeka weee, kisha akaacha, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Wenzake wakacheka, wakadhani ni ndoto. Mtu aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka kabla hajapata joto hajapona, anazidiwa. Na msaidizi aliyeachwa kambini alipoamshwa alifanya nini? Akaingiza jiko la mkaa ndani ya hema, akafunga zipu.

JIKO LA MKAA. Hema limefungwa. Watoto ndani.

Jamani, sumu ya mkaa haina rangi wala harufu. Inaua watu kwenye vyumba vyenye madirisha, sembuse hema! Watoto wakaanza kuumwa kichwa, wawili wakatapika. Kilichowaokoa ni mmoja kutoka kwenda kukojoa na kuacha mlango wazi. Kelele zikamwamsha mama mmoja mwenyeji, akawachukua wote jikoni kwake, akawawashia moto na kuwapa maziwa ya moto. Mama yule Mungu amzidishie. Ndiye pekee aliyefanya kazi ya skauti usiku ule.

Sasa majibu. Kiongozi wa kikosi ananiambia, "Mzazi, skauti ni ukakamavu, watoto wa Dar mmewalea kama mayai." Nikamuuliza kuhusu jiko, akasema "changamoto ndogo za kambi." Mwalimu, kaulimbiu ya skauti dunia nzima ni kuwa tayari. Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, kambi yake ya kwanza, mwaka 1907 kisiwani Brownsea, aliifanya Agosti, kiangazi cha Uingereza. Huo ukakamavu wa kulala juu ya sakitu na fulana mbichi mmeutoa wapi?

Sipingi kambi, wala sipingi Makete. Mwanangu anataka kurudi, na kwa jaketi la mtumba la soko la Karume na blanketi zito atarudi. Ninachotaka ni shule ituambie kwa maandishi nani aliidhinisha karatasi ile ya vifaa, kwa nini hakukuwa na mtu wa huduma ya kwanza, na kwamba jiko halitaingia tena kwenye hema. Mpaka leo nimepewa ahadi ya "kikao" tu, tarehe haipo.

Wazazi wenzangu ambao watoto wenu walikuwepo, nitumieni ujumbe faragha tuandike barua moja. Na mwenye kujua ngazi ya wilaya malalamiko ya skauti yanapelekwa kwa kamishna au kwa afisa elimu anielekeze.

NYONGEZA: Kwa mnaoandika "mtoa mada umedeka", huyo kiongozi wa ukakamavu hakulala kambini. Alilala gesti.