Naomba ushauri: betri ya akiba kwenye boti ndogo

Wakuu habari zenu. Nina boti ya faiba futi 19, injini ya nje hp 60, wikendi huwa naenda nayo Mbudya na familia. Juzi tumekaa kisiwani mziki unalia na kifriji kinavuta moto, jioni napiga stata kimya, kusi imeshaanza kuvuma na watoto wamo ndani, ikabidi wavuvi watuvute mpaka Kunduchi, Mungu awabariki sana wale vijana.

Betri ninayo moja tu, ya asidi saizi ya N70, ndo stata ndo kila kitu. Nataka hiyo ibaki ya stata na pampu ya kutoa maji basi, niongeze nyingine ya 100Ah ya mziki na friji, katikati swichi ya kuchagua betri. Fundi anasema niweke lithiamu, ni nyepesi na unaitumia karibu yote, ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, ila naogopa lithiamu inavuta chaji kubwa itaunguza mfumo wa chaji wa injini.

Waliofunga, mmetumia kifaa gani katikati ya injini na lithiamu ili isivute chaji kubwa? Au niichaji kwa sola ya wati 100 juu ya turubai tu? Na chumvi hii mnazuiaje kutu kwenye tamino (vichwa vya betri)?