Kikundi cha Ukoo: MRI ya Fahim Jumatano

Mama Fahim: Shikamooni wakubwa. Fahim kapangiwa MRI (picha ya sumaku) ya kichwa Jumatano saa 4 asubuhi, kwa dawa ya usingizi. Miaka 3, kilo 14. Fomu ina mstari mmoja tu: "Ana mzio?" Shangazi, nijazeje?

Shangazi Mwanaidi (nesi wa usingizi): Marahaba mwanangu. Usiandike "mzio wa vyakula" ukaishia hapo. Taja kila chakula, alikula kiasi gani, baada ya dakika ngapi, kikatokea nini, na kama alichomwa adrenalini, ile sindano ya dharura ya mzio mkali.

Mama Fahim: Yai: kipande cha keki, dakika 10, vipele na kutapika. Karanga: punje 2, midomo ikavimba, kifua kikapiga miluzi. Kamba hajawahi kula, kipimo cha damu tu.

Shangazi Mwanaidi: Andika hivyo hivyo, na kamba useme "kipimo tu". Hiyo miluzi ndiyo daktari wa usingizi anayoitafuta. Pampu yake ya salbutamoli, ya kufungua kifua, ije. Na akianza mafua au kikohozi, pigeni simu siku hiyo hiyo, msingoje Jumatano. Njia ya hewa yenye mafua hubana upesi mtoto akiwa usingizini. Mara nyingi watasogeza wiki 2 hadi 4.

Mama Fahim: Nasikia ile dawa ya usingizi nyeupe kama maziwa ina mayai!

Ami Kassim (mfamasia): Propofoli. Ina mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai. Lakini wenye mzio wa yai wengi wanadhuriwa na protini za ute, na lesithini ni mafuta yaliyosafishwa. Wataalamu wa mzio hawaizuii kwa sababu ya yai au soya, ingawa karatasi za baadhi ya viwanda bado zinaonya. Mwambieni daktari, achague mwenyewe. Msiikatae wenyewe mlangoni, mtamfanya atumie dawa asiyoipendelea bila sababu.

Mama Fahim: Na ile ya kung'arisha picha? Baba Fahim anasema kamba na ayodini haviendi pamoja.

Kaka Saidi (mionzi): Hiyo ya zamani dada. Mzio wa kamba unatokana na protini ya nyama yake, si ayodini. Tena MRI haitumii ayodini, inatumia gadolinio. Cha kutuambia ni kama aliwahi kudhurika na dawa ya picha yenyewe.

Bibi: Mtoto alale na njaa? Akilia apewe japo maziwa.

Shangazi Mwanaidi: La mama, maziwa ni chakula, yanaganda tumboni. Akilala dawa, kilicho tumboni kinaweza kurudi na kuingia mapafuni. Kwa saa 4 asubuhi: vya mafuta kama chapati na sambusa mwisho saa 8 usiku, chakula chepesi, uji na maziwa ya kopo mwisho saa 10 alfajiri. Maji au chai ya rangi mwisho saa 2 asubuhi. Hospitali ikiwapa saa zake, fuateni za hospitali. Kwa vitendo, ale ubwabwa saa 2 usiku, alfajiri apewe maji tu.

Hatari hasa ni ndugu zake. Kaka mtu atampa biskuti kwenye gari kwa huruma. Likitokea, semeni! Kuahirishwa kunauma, kunyamaza kunaua.

Kaka Saidi: Nguo bila zipu wala vifungo vya chuma. Vua hereni, cheni, pini, shanga za nywele, na hirizi kama ina chuma. Kalamu ya adrenalini (ile ya kumchoma nyumbani) ina springi na sindano, haiingii chumba cha sumaku. Mpe nesi wa chumba cha kuamkia, umwambie ni ya nani. Ndani wana ampuli (vichupa) zao za adrenalini.

Ami Kassim: Za miligramu 1 kwa mililita 1. Kilo 14 ni mililita 0.14, msuli wa paja. Ni kazi yao, lakini uzito uwe wa wiki hii, si wa mwaka jana.

Shangazi Mwanaidi: Akiamka, maji kidogo kidogo kwanza. Hapo ndipo wengi wanapokwama: mtoto ana njaa, anapewa biskuti ya wodi, hakuna aliyesoma kifungashio. Chukua ndizi na mkate wako aliouzoea.

Mama Fahim: Ndizi anakula, ila mpira wa puto unamuwasha.

Shangazi Mwanaidi: Kumbe! Andika juu kabisa ya fomu: MZIO WA MPIRA. Glovu na kila kitu kibadilishwe. Na ndizi, parachichi na papai huenda pamoja na mzio huo, akiwashwa mdomo usimpe.

Bibi: Basi hirizi nitaishika mimi huko nje.