Kitini cha fizikia kinasema msuguano "umekula" nishati ya tufe. Watoto wanapotoshwa na hela tunalipa!

Wakuu, nimekereka na sinyamazi. Kuna kituo cha tuisheni kinawauzia wanafunzi wa kidato cha tano kitini cha majibu ya fizikia, na sura ya mwendo wa mzunguko imejaa makosa.

Swali lenyewe: tufe lililojaa ndani linaachiwa kutoka kimo cha mita 1.4, linabiringika mteremkoni bila kuteleza. Tafuta mwendokasi wake likifika chini, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ni 10. Binti yangu kapata mita 4.47 kwa sekunde. Kapigwa kosa! Kalamu nyekundu imekata mstari wote wa momenti ya inesha (kipimo cha ugumu wa kitu kuzungushwa), pembeni "hii haihitajiki", chini yake 5.29.

Jamani, 5.29 ni ya kitu kinachoteleza pasipo msuguano kabisa. Tufe linalobiringika linakwenda mbele na papo hapo linazunguka, kwa hiyo nishati ya kimo inagawanyika: 5/7 ya kwenda mbele, 2/7 ya kuzunguka. Ukikokotoa unapata mzizi wa 20, yaani 4.47. Tungamo na nusu kipenyo vinajifuta, wala huvihitaji.

Kilichonichefua zaidi ni ukurasa unaofuata. Eti maabara ikitoa jibu dogo kuliko 5.29, ni kwa sababu "msuguano umekula nishati". Hapana! Pale tufe linapogusa ubao, nukta ya mgusano imetulia, haiburuziki. Msuguano huo haupotezi nishati, ndio unaolifanya tufe lizunguke. Nishati yote ipo, sehemu yake imo kwenye mzunguko.

Asiyeamini achukue betri kubwa ya tochi na pete ya selotepu iliyokwisha, aviachie pamoja juu ya ubao ulioinama. Betri inatangulia. Pete tungamo lake lote liko ukingoni, karibu nusu ya nishati inaishia kwenye kuzunguka. Au hapo napo mtasema msuguano umeionea pete?

Nimepiga simu kituoni, nikajibiwa "mzazi, mtihani hauendi ndani hivyo". Unaenda! Mada hii imo kwenye mekanika ya kidato cha tano na sita.

Wakusanye vitini, wasahihishe, na alama za watoto wazirudishe. Wenye vijana PCM na PCB (michepuo ya fizikia na kemia, pamoja na hisabati au baiolojia), kagueni swali la tufe leo. Mkikuta 5.29, wekeni picha ya ukurasa hapa.