Naomba ushauri: umeme wa jua na friji ndani ya basi dogo la safari

Mwana Kampemba
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Nina basi dogo nililoling'oa viti vya nyuma na kuliwekea kitanda, kwa kuwa mwezi wa saba tunakusudia kuwapeleka wazazi mbuga ya Kundelungu wakaone maporomoko ya Lofoi, kisha tuteremke hadi Kilwa, kando ya ziwa Moero. Ingekuwa ni soda na nyama tu, ningebeba barafu nikanyamaza. Lakini baba anatumia insulini, na akiba yake inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Fundi mmoja ameniandikia bei ya friji ndogo ya nyumbani, inveta ya wati 1,000 (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), betri ya lori ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ujazo wake) na paneli moja ya wati 100. Bei ni nafuu, ila hesabu yenyewe hainiingii akilini. Mnanishauri nini?

Fundi Kamalondo
Kaka, usinunue kitu kabla ya kujua friji itakula kiasi gani kwa siku, maana hiyo ndiyo itakayoamua vingine vyote. Friji ya sanduku ya lita 40 hivi, yenye kompresa ya volti 12, huvuta kama wati 45 inapozunguka, nayo haizunguki muda wote: ikipata hewa nyuma yake na kukingwa na jua, itafanya kazi theluthi hadi nusu ya siku, yaani wati-saa (wati mara saa za kazi) 360 hadi 540. Taa mbili za LED na simu zenu ziwekee wati-saa 100.

Sasa tazama ulichoandikiwa. Paneli ya wati 100, ukiihesabia saa nne na nusu za jua kali na ukaondoa robo inayopotea njiani, hukupa wati-saa 340 hivi, kwa hiyo kila jioni utalala na deni. Inveta ya ukubwa ule, hata isipounganishwa na chochote, yaweza kula wati 10. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240 zilizokwenda bure. Na betri ya lori usiiguse kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi ili injini iwake, na ukiikausha kila usiku itakufa mapema. Ya lithiamu (LiFePO4) ya Ah 100 hubeba wati-saa 1,280, na sehemu kubwa yake inatumika bila kuiumiza, ilhali ya asidi, hata ile ya sola, haipendi kushuka chini ya nusu.

Mama Ruashi
Mwanangu, fundi amesema kweli, lakini asikufanye uione friji ya nyumbani kama haramu. Zile mpya zinazotumia umeme kidogo hubandikwa karatasi ya matumizi ya mwaka: ikiandikwa kWh 110, yaani wati-saa 110,000, gawanya kwa 365, utapata kama wati-saa 300 kwa siku. Udhaifu wake ni mlango wa mbele, kwa sababu ukiufungua baridi inamwagika miguuni mwako, na tena haikutengenezwa kwa mashimo ya barabara zetu. Mimi fedha ningeziweka kwenye friji nzuri kabla ya paneli ya ziada. Umeme usiotumika hauhitaji kununuliwa betri.

Mwana Kampemba
Aksanti mama, aksanti kaka. Je, nikifunga paneli mbili za wati 100 juu ya paa? Na siku za kusafiri kutwa nzima?

Yaya Katuba
Mbili zinatosha, ila usizifunge zote paani. Mwezi wa saba mawingu hayatakusumbua sana. Vumbi jekundu na moshi wa mioto ya porini ndivyo vitakavyokusumbua, kwa hiyo zifute kila asubuhi. Jua la adhuhuri wakati huo huwa upande wa kaskazini, na paneli iliyolala hupoteza sehemu ya nguvu yake. Moja iwe ya kusimamisha chini, na waya wa mita 10, ili gari likae kivulini na paneli ikae juani. Kivuli cha tawi moja tu chaweza kuidhoofisha paneli nzima. Siku za kusafiri, weka chaja kati ya alteneta (inayozalisha umeme injini ikiwaka) na betri hii ya friji. Ikipeleka ampea 20, mwendo wa saa mbili hurudisha matumizi ya friji ya siku nzima.

Kuhusu baba: insulini isiguse ukuta wa friji, maana ikiganda hutupwa hata ikiyeyuka. Iweke ndani ya kopo pamoja na kipimajoto kidogo, usitegemee namba iliyo kwenye kifuniko peke yake. Ile anayoitumia sasa, muulize mfamasia inaweza kukaa nje ya baridi kwa muda gani.

Fundi Kamalondo
Niongeze habari ya waya. Wengi huchomeka friji kwenye tundu la kuwashia sigara, waya mwembamba unapoteza volti, friji inajizima usiku wakati betri bado ina chaji, kisha lawama inakwenda kwa friji. Ivutie waya wake peke yake wa milimita za mraba 6 hadi kwenye betri, na fyuzi ya ampea 15 ikae karibu na betri, si karibu na friji, kwani kinacholindwa ni waya.

Mwana Kampemba
Basi nimeamua: friji ya sanduku ya volti 12, lithiamu moja ya Ah 100, paneli mbili kama alivyosema yaya, na chaja ya alteneta. Inveta naiacha, simu tutazichaji kwa USB.

Mama Ruashi
Vizuri. Friji yenyewe iwashe nyumbani usiku wa kuamkia safari, na vitu vyote viingie vikiwa vimeshapoa, maana kupoza vitu vya moto ndiko kunakomaliza betri. Usingoje saa ya mwisho, usije ukakuta umeme wa mtaa umekatwa.